Kutoka Unahodha hadi Ualimu wa Timu ya Taifa: Safari ya Joyce Brown na Urithishaji wa Maarifa katika Netiboli, 1963–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya Joyce Brown wa Australia, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya netiboli iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1963, kisha akaiongoza timu hiyohiyo akiwa mwalimu kutwaa ubingwa wa mwaka 1975, 1983 na 1991. Hoja kuu ni kwamba hatua ya kutoka unahodha hadi ualimu haitokani na kipaji cha mtu mmoja pekee. Hutokana pia na kanuni za mchezo zinazomlazimu nahodha kufikiri, vyama vinavyompa mchezaji anayestaafu mahali pa kwenda, na imani inayomrudisha mwalimu kazini zaidi ya mara moja. Makala yanafuatilia mnyororo wa maarifa ulioanzia katika mashindano ya mwaka 1963, yanaonyesha namna mnyororo huo ulivyofika Afrika, na yanahitimisha kwa kujadili maana yake kwa sera ya michezo katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha viwanjani, anayeifunza timu huitwa kocha, lakini wachezaji wenyewe, hasa nchini Tanzania, humwita mwalimu. Anayeiongoza timu uwanjani huitwa nahodha, neno lililotoka baharini. Majina haya mawili yanabeba dhana mbili tofauti za uongozi. Nahodha yumo chomboni pamoja na mabaharia; wimbi likija, linampiga naye. Mwalimu husimama nje ya shughuli anayoifundisha, na kazi yake hupimwa kwa yale ambayo wengine wataweza kuyafanya yeye asipoyatenda kwa mikono yake. Swali la makala haya ni namna mtu anavyovuka kutoka dhana ya kwanza kwenda ya pili, na kile ambacho jamii yake inapaswa kuwa nacho ili avuke salama.

Historia za michezo zilizoandikwa katika ukanda wetu zimejishughulisha zaidi na mpira wa miguu na riadha. Netiboli, ambayo wazazi wetu waliijua kwa jina la mpira wa pete, huchezwa katika shule za msingi na za sekondari, vyuoni, na katika timu za majeshi na za idara za serikali. Hata hivyo, kumbukumbu zake ni chache. Nahodha wa timu ya taifa anapostaafu, mara nyingi jina lake hubaki midomoni mwa waliocheza naye na hatimaye hutoweka pamoja nao. Kwa sababu hiyo, inafaa kuchunguza mahali ambapo kumbukumbu zimehifadhiwa vizuri, ili tuone jambo ambalo huenda linatupotea bila sisi kujua kwamba tulikuwa nalo.

Australia imechaguliwa kwa sababu hiyo, na Joyce Brown amechaguliwa kwa kuwa safari yake inaonekana kwa ukamilifu: alikuwa nahodha bingwa, mwalimu bingwa, na mlezi wa wachezaji ambao baadhi yao walikuja kuwa walimu. Hatua hii ya tatu ndiyo iliyosahaulika zaidi katika simulizi za mafanikio yake, na ndiyo yenye uzito mkubwa kwa watunga sera.

2. Mchezo unaomfanya nahodha afikiri

Ili kuelewa uhusiano wa unahodha na ualimu katika netiboli, ni lazima kwanza kuuangalia mchezo wenyewe. Netiboli ilichipuka kutokana na mpira wa kikapu uliobuniwa na James Naismith nchini Marekani mwaka 1891. Ilipofika katika vyuo vya mazoezi ya viungo vya wanawake nchini Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kanuni zake zilibadilishwa hatua kwa hatua mpaka ukawa mchezo mwingine kabisa. Katika sura yake ya kisasa, timu ina wachezaji 7. Kila mmoja ana eneo lake, na akivuka mpaka wa eneo hilo ameotea. Aliyeshika mpira haruhusiwi kukimbia nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Wawili tu katika kila timu ndio wanaoruhusiwa kufunga mabao.

Kanuni hizi zina matokeo ya kifikra. Kwa kuwa hakuna mchezaji anayeweza kuuchukua mpira peke yake kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, kila bao ni zao la mpangilio. Mchezaji hodari asiyeelewa mwendo wa wenzake hana anachoweza kukifanya. Aidha, kwa miongo mingi kanuni zilimzuia mwalimu kutoa maelekezo kutoka pembeni mchezo ukiendelea. Alizungumza na wachezaji wake wakati wa mapumziko, kisha akanyamaza. Katika dakika zote zilizobaki, kusoma mbinu za wapinzani, kutambua ni nani amechoka, na kuamua kasi ya mchezo kulikuwa kazi ya nahodha na wenzake.

Kwa hiyo, nahodha wa netiboli wa kizazi cha Brown alikuwa tayari akifanya sehemu ya kazi ya ualimu kabla hajaitwa mwalimu. Hii ni tofauti na michezo ambayo unahodha wake ni heshima ya kuvaa kitambaa mkononi na kuchagua upande wa uwanja. Kanuni za mchezo zilimfunza, ingawa hazikutungwa kwa lengo hilo.

3. Eastbourne, 1963

Kabla ya mwaka 1960 kila nchi ilicheza kwa kanuni zake. Nchini Australia mchezo huu uliitwa mpira wa kikapu wa wanawake hadi mwaka 1970, na huko Nyuzilandi ulichezwa kwa muda mrefu na wachezaji 9 kila upande. Mwaka 1960 wawakilishi wa nchi kadhaa walikutana nchini Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon wakati ule, wakakubaliana juu ya kanuni za pamoja na kuunda shirikisho la kimataifa. Matunda ya mkutano huo yalikuwa mashindano ya kwanza ya dunia, yaliyofanyika Eastbourne, Uingereza, mwezi Agosti 1963, yakishirikisha timu 11.

Timu ya Australia ilifika huko chini ya mwalimu Lorna McConchie, nahodha wake akiwa Joyce Brown kutoka jimbo la Victoria. Mashindano hayo hayakuwa na fainali. Kila timu ilicheza na nyingine zote, na ubingwa ulitolewa kwa matokeo ya jumla. Australia ilimaliza bila kupoteza mchezo hata mmoja, lakini ubingwa wake ulining'inia kwenye uzi mwembamba: mchezo wake dhidi ya Nyuzilandi uliisha kwa mabao 37 kwa 36.

Historia rasmi huuona mchezo huo kama mwanzo wa ushindani wa mataifa mawili. Makala haya yanapendekeza tuutazame pia kama darasa. Katika kikosi cha Australia, pamoja na Brown, alikuwamo Wilma Ritchie, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la ndoa la Wilma Shakespear. Katika kikosi cha Nyuzilandi alikuwamo Lois Muir. Wote watatu walikuja kuwa walimu wa timu zao za taifa. Brown aliifundisha Australia ilipotwaa ubingwa wa mwaka 1975. Mwaka 1979, huko Port of Spain, ubingwa ulipogawanywa kati ya Australia, Nyuzilandi na Trinidad na Tobago, walimu wa timu mbili za kwanza walikuwa Shakespear na Muir. Mwaka 1983 alikuwa Brown tena. Mwaka 1987 alikuwa Muir, na mwaka 1991 akawa Brown kwa mara ya tatu.

Kwa maneno mengine, katika mashindano yote 5 ya dunia yaliyofanyika kati ya mwaka 1975 na 1991, ubingwa ulitwaliwa, peke yake au kwa kugawana, na timu iliyofundishwa na mtu aliyekuwa mchezaji huko Eastbourne. Ni vigumu kuliita jambo hili bahati. Kwa upande mwingine, si rahisi kuamini kwamba wanawake watatu wenye vipaji adimu vya ualimu walikutana katika mashindano hayo kwa sadfa. Maelezo yanayoridhisha zaidi yanapatikana katika mazingira yaliyowapokea walipovua jezi.

4. Mahali pa kwenda

Katika kizazi cha Brown hakuna mchezaji wa netiboli aliyelipwa mshahara kwa kucheza. Umaskini huo wa mchezo ulikuwa na gharama zake: aliyeweza kuendelea ni yule ambaye familia, kazi au mwajiri wake alimruhusu. Hata hivyo, hali hiyo ilikuwa na upande wa pili. Kwa kuwa netiboli haikuwa na fedha wala fahari iliyowavutia wanaume, nafasi zake zote za uongozi zilishikwa na wanawake: mwalimu, mwamuzi, mchaguzi wa timu, mweka hazina na mwenyekiti. Chama cha taifa cha Australia kilianzishwa mwaka 1927, na chini yake kulikuwa na vyama vya majimbo, na chini ya hivyo vilabu vya mitaa na vya shule. Mchezaji aliyestaafu hakutoka nje ya nyumba, alihama chumba.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana tukilinganisha na yaliyotokea Marekani. Kabla ya sheria ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayogharamiwa na serikali kuu, zaidi ya asilimia 90 ya walimu wa timu za wanawake vyuoni walikuwa wanawake. Sheria hiyo ilifungua milango kwa mamia ya maelfu ya wasichana kucheza. Lakini fedha na heshima zilipoingia, nafasi za ualimu zikawa ajira zenye kutamaniwa, na kiwango hicho kikashuka hadi chini ya nusu. Wasichana walipata uwanja, na wanawake wakapoteza benchi. Sera iliyoangalia idadi ya wachezaji tu haikuona nafasi zilizokuwa zikipotea mahali pengine.

Australia ilipita njia nyingine. Serikali yake ilipofungua Taasisi ya Michezo ya Australia jijini Canberra mwaka 1981, netiboli ilikuwa miongoni mwa michezo 8 ya mwanzo, na aliyekabidhiwa programu yake alikuwa Wilma Shakespear, mchezaji wa Eastbourne. Fedha za umma ziliingia katika mchezo kupitia mikono ya watu waliouhifadhi wakati haukuwa na fedha. Uamuzi huu wa kiutawala, ambao hauonekani kwenye picha za vikombe, una nafasi kubwa katika historia tunayoisimulia.

5. Mwalimu anayerudishwa

Kipengele cha pili cha safari ya Brown ni kwamba alirudishwa. Aliifundisha timu iliyoshinda Auckland mwaka 1975. Mwaka 1979 mwalimu alikuwa mwingine. Mwaka 1983 alikuwa tena kwenye benchi, na Australia ikashinda Singapore. Mwaka 1987, huko Glasgow, Nyuzilandi ya Lois Muir ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Kwa mashindano ya mwaka 1991, ambayo Australia ingekuwa mwenyeji wake jijini Sydney, Brown alikuwa ameitwa tena.

Mashindano hayo ya Sydney yalikuwa ya kwanza kuwa na mfumo wa nusu fainali na fainali. Zile timu mbili za Eastbourne zilikutana tena, zamu hii katika mchezo mmoja wa kuamua kila kitu, mbele ya umati mkubwa. Australia ilishinda kwa mabao 53 kwa 52. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu Eastbourne, mfumo wa mashindano ulikuwa umebadilika, jina la mchezo nchini Australia lilikuwa limebadilika, lakini tofauti kati ya nchi hizi mbili ilikuwa ileile ya bao 1.

Ni kosa kuyasoma matokeo haya kama uthibitisho wa ubora usio na shaka. Mpira mmoja ungepotea katika sekunde za mwisho, tungekuwa tunaandika historia tofauti juu ya mwalimu yuleyule mwenye maarifa yaleyale. Lakini ukweli huo unazidi kuipa nguvu hoja yetu. Chama kinachompima mwalimu kwa bao 1 kitamfukuza leo na kumtafuta kesho bila kujifunza lolote. Chama cha Australia kilimpima kwa kipindi kirefu zaidi. Kukaa kwake nje mwaka 1979 na 1987 hakukuhesabiwa kuwa fedheha, na kurudi kwake hakukuwa hisani. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Methali hiyo ni ya kweli pale tu ambapo kuna anayekumbuka ujuzi uko kwa nani.

6. Mnyororo na mikono yake

Tukifuatilia majina ya wachezaji waliopita mikononi mwa Brown, tunapata picha pana zaidi kuliko vikombe vitatu. Miongoni mwa wachezaji wa mwaka 1975 alikuwamo Norma Plummer, ambaye alikuja kuwa mwalimu wa Australia ilipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2007 na 2011. Miongoni mwa wachezaji wa mwaka 1983 alikuwamo Jill McIntosh, mwalimu wa timu iliyotwaa ubingwa wa mwaka 1995 na 1999, pamoja na medali za dhahabu za Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 na 2002. Miongoni mwa wachezaji wa mwaka 1991 walikuwamo Roselee Jencke, aliyekuja kuifundisha klabu ya Queensland Firebirds ikatwaa ubingwa wa mwaka 2011, 2015 na 2016. Simone McKinnis, aliyeifundisha Melbourne Vixens. Na Vicki Wilson, ambaye naye alikuwa nahodha wa Australia katika ubingwa wa mwaka 1999, kisha akawa mwalimu wa klabu na wa timu ya taifa ya Fiji.

Hivyo basi, kuanzia mwaka 1975 hadi 2011, kila mara Australia ilipotwaa ubingwa wa dunia, mwalimu wake alikuwa ama Brown mwenyewe, ama Shakespear aliyecheza naye Eastbourne, ama mchezaji aliyepata ubingwa chini yake. Huo ni ubingwa wa dunia mara 8, ukiwamo ule uliogawanywa mwaka 1979.

Mnyororo huu umegusa Afrika pia. Norma Plummer aliajiriwa kuifundisha Afrika Kusini mwaka 2015. Nchi hiyo ilikuwa imetengwa kimataifa kwa miaka mingi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 1995 ilishangaza wengi kwa kushika nafasi ya pili, kisha ikashuka. Chini ya Plummer ilifika nusu fainali ya mwaka 2019 huko Liverpool, ambako Australia iliishinda kwa mabao 55 kwa 53 tu. Kwa upande mwingine, mfungaji wa Malawi, Mwai Kumwenda, alikuwamo katika kikosi cha Melbourne Vixens kilichotwaa ubingwa wa ligi ya Australia mwaka 2020 chini ya Simone McKinnis. Maarifa yaliyoanza kukusanywa na nahodha wa mwaka 1963 yalikuwa yamemfikia mchezaji wa kijiji cha Malawi, baada ya kuzunguka nusu ya dunia.

7. Mipaka ya hoja

Haitakuwa haki kudai kwamba Brown peke yake ndiye chanzo cha yote hayo. McIntosh na Plummer walipita katika mikono mingi, walifundisha katika zama za taasisi za kitaifa, wataalamu wa mazoezi na picha za video, na walikuwa na fikra zao wenyewe. Mnyororo unatuonyesha mahali maarifa yalipopitia; hauwezi kutuambia ni kiasi gani kilipita. Aidha, Lisa Alexander, aliyeifundisha Australia ikashinda mwaka 2015, hakuwa amewahi kuichezea timu ya taifa. Kucheza katika ngazi ya juu si sharti la kufundisha vizuri.

Vilevile, njia ya kutoka unahodha hadi ualimu haihakikishi kombe. Mfano bora ni ule wa upande wa pili wa fainali ya Sydney. Nahodha wa Nyuzilandi mwaka 1991 alikuwa Waimarama Taumaunu, aliyelelewa kimchezo katika zama za Lois Muir. Miaka 20 baadaye alikabidhiwa timu ya taifa akiwa mwalimu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2014 timu yake ilipata medali ya fedha. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2015 iliishinda Australia katika hatua ya makundi, kisha ikapoteza fainali kwa mabao 58 kwa 55. Alipoondoka, alikuwa na medali za fedha na hakuwa na ubingwa wa dunia.

Je, safari yake ilishindwa? Mwaka 2019 Nyuzilandi ilitwaa ubingwa huko Liverpool kwa mabao 52 kwa 51, ikifundishwa na Noeline Taurua, ambaye naye alikuwa mchezaji wa zamani wa taifa. Nchi inayowaweka wachezaji wake wa zamani ndani ya mfumo inaweza kupoteza fainali moja au mbili, lakini haianzi upya kila baada ya miaka 4. Hicho ndicho kipimo ambacho makala haya yanakipendekeza badala ya hesabu ya vikombe: baada ya kushindwa, timu inaanzia wapi?

8. Maana yake kwa Afrika Mashariki

Afrika Mashariki na majirani zake hawako pembezoni mwa mchezo huu. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2019, Malawi ilikuwa ya 6, Uganda ya 7 na Zimbabwe ya 8. Mwaka 2023, mashindano hayo yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town, Uganda ilipanda hadi nafasi ya 5, mbele ya wenyeji wao Afrika Kusini, na Malawi ikawa ya 7. Timu zetu zinacheza. Suala lililo mbele yetu ni kama wanaocheza leo watakuwa walimu kesho.

Hapa tuna rasilimali ambayo Australia ya mwaka 1963 haikuwa nayo. Vilabu vingi vikubwa vya netiboli katika ukanda wetu ni vya waajiri wa umma: nchini Tanzania tunazo JKT na Uhamiaji, na nchini Uganda tunazo Prisons, KCCA na NIC, ambayo asili yake ni shirika la bima la taifa. Mchezaji wa klabu ya namna hii anaweza kuwa na ajira inayodumu hata baada ya kustaafu kucheza. Ajira hiyo inaweza kuwa daraja la kumfikisha katika ualimu, au inaweza kuwa mlango wa kumwondoa mchezoni: siku anapovua jezi anarudi ofisini au kituoni, na yale aliyoyajua yanafungiwa kabatini. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haihitaji uwanja mpya wala bajeti kubwa. Inahitaji waraka wa mwajiri unaotambua ualimu wa timu kuwa sehemu ya kazi yake, yenye saa zake, cheo chake na tathmini yake.

Pendekezo la pili linahusu muda. Nahodha huanza kutafutiwa nafasi, kama hutafutiwa, baada ya kustaafu. Ushahidi tulioupitia unaonyesha kwamba maandalizi hufanyika akiwa bado uwanjani. Katika misimu yake miwili ya mwisho, nahodha wa taifa angeweza kukabidhiwa timu ya vijana, au timu ya mkoa katika mashindano ya shule kama UMISSETA, chini ya usimamizi wa mwalimu mwenye uzoefu. Huko angejifunza jambo ambalo unahodha haumfundishi, nalo ni kuvumilia kuona kosa bila kuingia uwanjani kulisahihisha mwenyewe.

Pendekezo la tatu linatuhusu sisi wanataaluma wa Kiswahili moja kwa moja. Herufi zilizo kifuani mwa wachezaji wetu, kuanzia GS hadi GK, ni vifupisho vya Kiingereza, na mafunzo mengi ya vyeti vya ualimu wa michezo hutegemea vitabu vya lugha hiyo. Lakini mwalimu anapozungumza na wachezaji wake wakati wa mapumziko ya robo, katika sehemu kubwa ya ukanda huu, anazungumza Kiswahili. Kuna msamiati hai wa mbinu, wa kuzuia, wa kukata njia na wa kupokezana nafasi, unaotumiwa viwanjani kila jioni na usioandikwa popote. Nahodha anayestaafu ndiye kamusi ya msamiati huo. Vyuo vikuu na mabaraza ya Kiswahili vina wajibu wa kurekodi mazungumzo na manahodha wastaafu, kuyaandika, na kuyageuza kuwa miongozo ya kufundishia. Kazi hii ikichelewa kwa kizazi kimoja, haiwezi kufanywa tena.

Pendekezo la mwisho ni la tahadhari. Netiboli ya ukanda wetu itaendelea kupata wadhamini, na jambo hilo ni la heri. Uzoefu wa Marekani baada ya mwaka 1972 unatukumbusha kwamba fedha zinapoingia, nafasi za ualimu hugombewa na watu wengi zaidi, na wanawake waliojenga mchezo wanaweza kujikuta watazamaji. Sera haina haja ya kumzuia mwanamume mwenye sifa kufundisha. Baadhi yao wamezifikisha timu za wanawake za Afrika katika mafanikio makubwa. Inapaswa tu kuhakikisha kwamba katika kila benchi la timu ya taifa yupo mchezaji wa zamani anayelipwa, anayejifunza, na anayejua kwamba zamu yake itafika.

9. Hitimisho

Joyce Brown alitwaa ubingwa wa dunia mara moja akiwa nahodha na mara tatu akiwa mwalimu. Makala haya yameonyesha kwamba takwimu hizo, ingawa ni adimu, ni sehemu ndogo ya urithi wake. Nyuma yake kulikuwa na kanuni zilizomfunza kufikiri, vyama vilivyompa mahali pa kwenda, na viongozi waliomrudisha kazini baada ya vipindi vya kukaa nje. Mbele yake kulikuwa na Plummer, McIntosh, Jencke, McKinnis na Wilson, na kupitia kwao wachezaji wa mataifa mengine, yakiwamo ya Afrika.

Manahodha wa Afrika Mashariki hawajapungukiwa na akili ya mchezo. Wengi wao wameshika usukani katika mazingira magumu kuliko yale ya Eastbourne. Kinachohitajika ni vyama na waajiri walio tayari kuamua, kabla ya filimbi ya mwisho ya nahodha wa sasa, ni timu gani atakabidhiwa, ni nani atamsimamia, na ni kalamu ya nani itakayoandika anayoyajua. Maamuzi hayo yanaweza kufanywa katika msimu huu, na vyombo vilivyopo.